Muuguzi wa Kitabuni

Jina la Fundi Pindo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, maana mtaa mzima hakuna anayepinda suruali ikatulia mguuni kama yeye. Ni mwanamke wa makamo, mrefu, miguu imemvimba kwa kanyagio la cherehani, na usingizi wa maana alishausahau tangu mama yake alipopofuka na kulegea miguu.

Cherehani aliihamishia sebuleni, akaielekeza kwenye mlango wa chumba cha mama ili akishona akione kitanda. Ikitoka sauti, "Wee!", anaiacha nguo chini ya sindano anakwenda. Amgeuze, amwoshe, ambadilishie shuka, amlishe, ampe vidonge vya moyo asubuhi na jioni, kisha arudi kwenye sare za shule ambazo wenyewe walizitaka tangu jana. Kaka yake je? Asiulizwe huyo. Yeye huja sikukuu kwa sikukuu na mfuko wa machungwa, anakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, anasema, "Dada, mama amekonda, hebu mwangalie vizuri," halafu huyooo, ameondoka. Ama kweli ulimi hauna mfupa!

Mama mwenyewe macho yalikufa, lakini akili ilikuwa kali kama wembe. Redio aliichoka, akasema inaropoka tu na haisikii mtu. Akataka kusomewa. Kitabu alikileta mwalimu wa jirani, siku alipokuja kubadilishiwa zipu ya sketi: riwaya nene, jalada limechanika pembeni.

"Ukianza hutakiweka chini," mwalimu akamwonya.

"Nitakiweka," Pindo akajibu, uzi mdomoni. "Mimi nina shughuli zangu."

Hakukiweka. Kilikuwa kisa cha muuguzi aliyeajiriwa kumtunza bibi mmoja tajiri katika nyumba iliyojaa ukimya. Bibi anaanza kuumwa tumbo. Anasikia nyayo mahali pasipo na mtu, miwani yake anaikuta mahali ambapo hakuiweka, na msomaji hajui kama ni wazimu wa mgonjwa au ni mkono wa mtu. Na kila jioni muuguzi anakoroga chai, polepole, akimtazama.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama akatoa hukumu tangu sura za mwanzo. "Endelea. Unameza mate ya nini?"

Basi kila alasiri wakawa hapo, mmoja amelala, mwingine amekaa kwenye kigoda, roho mkononi wote wawili. Sare zikalala mezani bila vifungo, wateja wakaondoka wakisonya.

Siku moja wakafika mahali ambapo muuguzi, baada ya kumwosha yule bibi na kutukanwa kwamba maji ni ya baridi, anakwenda jikoni, anakaa sakafuni, na hawezi kunyanyuka. Si kwamba anaumwa. Hawezi tu. Hapo sauti ya Pindo ikakwama. Aliona aibu, maana moyoni mwake alikuwa upande wa muuguzi. Alikuwa anaomba asikamatwe.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Koo limekauka."

Mama akageuzia uso ukutani, akasema leo inatosha.

Kuanzia hapo mama akaanza kurudi nyuma. Pumzi zikawa fupi, miguu ikajaa maji, hata sauti ya kuita ikafifia. Pindo akamwita daktari wa zahanati, naye akapima, akakunja uso.

"Dawa anameza?"

"Ninampa mimi mwenyewe kwa mkono wangu."

"Basi sielewi. Akiendelea hivi moyo hautahimili, nakwambia ukweli."

Jibu lilikuwa ndani ya mto. Pindo alikuwa anabadilisha foronya, vidole vikapita kwenye mshono wa mto vikasita. Mshono ule aliupiga mwenyewe kwa uzi maradufu, lakini sasa ulikuwa umefumuliwa kwa kucha, pametoka kitundu. Akaingiza kidole kwenye pamba. Vidonge. Vingine vimeyeyuka nusu, vilishaingia mdomoni vikatemwa.

Lo! Alikaa na ule mto mapajani kama amepigwa kofi. Kwa hiyo ananiogopa. Mimi! Niliyeacha kila kitu, ninayemfuta na kumbeba, leo ndiye muuguzi wa kwenye kitabu! Asante ya punda mateke, wazee hawakukosea. Hasira ilimpanda mpaka akausukuma mto ukutani. Kisha hasira ikashuka, ikabaki hofu tupu, kwa sababu hivyo vidonge ndivyo vilivyokuwa vikimshikilia mama yake duniani.

Akafikiria kuvisaga avitie kwenye supu. Akashtuka mwenyewe: ndivyo hasa anavyoshukiwa kufanya yule wa kitabuni. Akafikiria kumuuliza. Lakini utamuuliza vipi mama yako mzazi, eti unadhani nakupa sumu? Maneno mengine yakishatoka hayarudi. Akaona bora akirekebishe kitabu. Akasoma sura ya mwisho akiwa amesimama jikoni, maziwa yakamwagika motoni asiyaone. Muuguzi ndiye, wala hakusingiziwa. Pindo akakifunga kitabu, akasonya.

Alasiri akaketi kwenye kigoda, akajitia kusoma. Kumbe daktari wa yule bibi ndiye aliyekuwa akibadilisha dawa! Muuguzi hana hatia hata kidogo. Bibi anamwomba radhi, wanakumbatiana, wanalia, wanaishi kwa raha.

Mama alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Karatasi hujaigeuza tangu ulipoanza," akasema. "Na huyo daktari ametokea wapi, amedondoka toka paani?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Mwongo. Uongo ulikushinda tangu ukiwa mdogo, usijaribu uzeeni. Ni yeye muuguzi, au siyo?"

"Ni yeye."

"Nilijua."

Pindo hakuweza tena. Akaingiza mkono mfukoni, akautwaa mkono wa mama, akavimimina vile vidonge kiganjani mwake.

"Na hivi je? Mama, kweli kabisa, unadhani mimi ningeweza?"

Mama akavipapasa kimoja kimoja. Halafu, amini usiamini, akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na pumzi.

"Wewe? Wewe kuku tu hujawahi kuchinja. Hilo halikunijia kichwani hata siku moja."

"Sasa kwa nini?"

Mama akakifumba kiganja juu ya vidonge.

"Siku ile uliposoma muuguzi amekaa sakafuni hawezi kunyanyuka, ulinyamaza. Nikakusikia unavyopumua. Nikasema, kumbe mwanangu naye yuko pale pale sakafuni. Na wewe si mtu wa kumtilia mwenzako kitu kwenye chai. Wewe utakaa tu hivyo hivyo mpaka ukauke. Nikaona nikupunguzie kazi, iishe kwa upande wangu, usije ukabeba dhambi hata ya kuwaza."

Pindo alitaka kumfokea, ikatoka sauti nyingine kabisa, sauti ambayo hata yeye hakuijua.

"Nimechoka, mama. Nimechoka kunyanyua, nimechoka kufua, nimechoka mpaka nikishona naona sindano mbili. Lakini nani alikwambia nimekuchoka wewe?"

Mama alitafuta kichwa cha binti yake kwa mkono, akakosea, akagusa bega, akauacha mkono hapo hapo.

"Lete vingine," akasema mwishowe. "Hivi vimeshaoza."

Pindo akaleta vidonge na maji. Mama akameza, akapanua mdomo na kuinua ulimi, aonekane kwamba kweli amemeza. Kisha akajifuta.

"Sasa nipigie simu kwa kaka yako."

"Atasema ana kazi."

"Na aseme. Mimi simpigii kumuuliza."

Pindo akapiga namba, akamwekea mama simu sikioni, naye akaegemeza kichwa pembeni mwa kitanda, kidogo tu, apumzishe shingo. Simu ikaita, ikaita. Ilipopokelewa, mama akasikiliza kwanza pumzi za aliye karibu yake, akashusha sauti.

"Sikiliza, na usinikatize. Njoo na nguo za kulala. Hapana, usiongee kwa nguvu. Dada yako amelala."