Dagaa wa Shangazi Milimani Chianti

Ilikuwa saa moja na dakika arobaini jioni, Jumatatu, kengele ya mlango wetu wa Akalla, kitongoji cha Stockholm, ilipolia. Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni mbele ya mizani ya jikoni, napima soksi.

Kesho yake asubuhi mimi na mke wangu tulikuwa tunaruka kwenda Italia, kuendesha baiskeli za kukodi kutoka Firenze hadi Siena kupitia mashamba ya mizabibu ya Chianti. Mashamba hayo nilikuwa nimeyasoma miaka miwili maktabani. Nilijua udongo wake, aina za zabibu zake, na kwa nini mvinyo wa upande mmoja wa kilima huuzwa ghali kuliko wa upande wa pili. Mvinyo wenyewe nilikuwa sijawahi kuonja. Kanisani kwetu hatunywi, ila sijaona mahali palipoandikwa kwamba mtu asisome.

Sababu kubwa ya safari ilikuwa nyingine. Tangu tuhamie Stockholm, kila semesta yetu, kama tunavyoziita likizo sisi wa huku, ilikuwa ya kwenda nyumbani kuzika au kuoza. Unashuka kwenye ndege na masanduku manne, matatu ni ya watu. Safari hii niliweka sharti: hatumtembelei mtu, hatubebi cha mtu. Baiskeli haina buti. Nilidhani hilo litaeleweka hata kwa watu wetu.

Mlangoni alisimama shangazi wa Vällingby, kitongoji kingine cha Stockholm. Si shangazi yangu, ni shangazi wa kwaya nzima, mama mnene wa Uvira mwenye sauti ya pili inayofunika ya kwanza. Kwapani alikuwa na mfuko uliozungushiwa selotepu.

"Baba, nimesikia munaenda Italia."

"Kwa baiskeli, shangazi."

"Ni muzuri. Baiskeli inaenda pole pole, haivunje kitu."

Aliketi bila kungoja kukaribishwa, akaeleza. Mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akinyonya, alikuwa anaolewa Siena Jumamosi ile, saa kumi alasiri. Yeye asingeweza kwenda. Alikuwa bado anangoja jibu la kibali cha kukaa, na akitoka Sweden kabla halijaja, harudi. Kwao, kabla bibi harusi hajakaa meza moja na wakwe, aliyemlea humfunga kiunoni kitenge alichokishona kwa mkono wake, watu wote wakiona. Asipofungwa, anakaa pale kama mtu aliyeokotwa njiani.

"Kitenge kifike," alisema. "Muke wako atamufunga kwa mukono wangu."

"Na posta je?" niliuliza.

"Posta iko na mikono ya kufunga?"

Nikaubonyeza mfuko. Ndani kulikuwa na kitu kigumu kinachovunjika vunjika.

"Na hiki?"

"Ndagala," alisema, yaani dagaa wakavu. "Kilo mbili tu. Kule wanakula ngano asubuhi na magaribi, mutoto atakonda."

Mke wangu alinitazama kama anavyoitazama mashine ya kufulia iliyobakiza dakika mbili. "Tutabeba," akasema.

Tulibeba. Ili nafasi ipatikane nilitoa pampu, tyubu ya akiba na vifaa vya kuzibia pancha. Kitabu changu kilisema barabara za Toscana, jimbo tulilokuwa tunakwenda, ni nzuri. Baadaye nilikuja kugundua kwamba mwandishi wake alikuwa na gari. Halafu, kwa ajili ya mizani, nguo zetu zote nilizitia mkoba wa kushoto wa baiskeli, kitenge na dagaa wakakaa pamoja mkoba wa kulia. Uzito ulilingana kabisa. Nilijipongeza.

Julai ya Italia si Julai ya Akalla. Kufikia siku ya pili mkoba wa kulia ulikuwa na utu wake. Mbwa walitufuata kutoka kijiji hadi kijiji. Mke wangu, aliyejifunza baiskeli majira yale yale ya kuchipua kwenye uwanja wa shule, akiwa na miaka arobaini na sita na akianguka mbele ya watoto waliomshangilia kwa Kiswidi, alikuwa mbele siku zote. Alisema ni mazoezi. Ilikuwa upepo: alikuwa anakwepa kuwa nyuma yangu.

Katika kila mji tulisimama kanisani, na katika kila kanisa kulikuwa na mtakatifu aliyekatwa kitu. Mimi nilieleza karne na wachoraji. Yeye alikaa kwenye baridi ya mawe, kavua viatu.

"Hawa wangetulia nyumbani kwao," alisema mbele ya mmoja aliyejaa mishale, "wangekufa wazee."

Alhamisi tulifika kwenye shamba ambalo nilikuwa nimelipia kuonja mvinyo miezi mitatu kabla. Mpango wangu ulikuwa kunusa, kusikiliza, na kumwaga kwenye ndoo iliyowekwa kwa kazi hiyo. Mwenye shamba, bwana mwenye skafu shingoni kwenye joto lile, alizungusha glasi, akafumba macho, akatutajia cheri, ngozi na tumbaku. Akanusa tena. Akakunja uso. Akabadilisha glasi, akafungua chupa nyingine, akanusa, akamwita mwanawe kwa ukali. Wakaanza kukagua mapipa. Mkoba ulikuwa chini ya kiti changu.

"Mwambie," mke wangu alininong'oneza.

"Nitamwambiaje dagaa kwa Kitaliano? Sikufika sura hiyo."

Nilionja kidogo, kwa ajili ya elimu. Miaka miwili ya kusoma, na mvinyo ulikuwa na ladha ya chai iliyosahaulika kwenye sufuria ya chuma.

Jumamosi asubuhi, kwenye mteremko baada ya mji wa Castellina, tairi langu la nyuma lilipiga mlio na kukaa chini. Siena ilikuwa mbele kilomita kumi na nane. Basi la asubuhi lilikuwa limetupita tukilipungia mkono kwa furaha. Mke wangu aliitazama pancha, akanitazama mimi.

"Pampu?"

"Akalla."

"Tyubu?"

"Akalla."

Alifungua mkoba wa kulia kutoka baiskeli yangu, akaufunga kwenye yake.

"Wewe sukuma. Mimi nina mtu wa kumfunga kitenge."

"Ramani ninayo mimi."

"Ningekuwa na ramani ningesimama kwenye kila kanisa." Akaondoka akiteremka kilima, hagusi breki, mtu ambaye mwezi wa nne alikuwa anaogopa kukata kona.

Nilisukuma. Wakulima waliinua kofia kunisalimu. Nilipouona mnara wa Siena nilikuwa sikumbuki tena ni wa karne ya ngapi, na sikutaka kujua.

Nilifika kwenye ukumbi wa parokia saa kumi na mbili kasoro, ibada imeisha. Mke wangu alikuwa amesimama katikati, uso umeungua jua, suruali ya baiskeli chini ya gauni la kuazima. Alikuwa bado hajamfunga. Wakwe walikuwa wamesimama nyuma ya viti vyao dakika arobaini, supu ikipoa.

"Nimewaambia shahidi wa shangazi bado yuko njiani," alisema. "Hebu piga simu."

Nilipiga Vällingby, nikaiweka simu ipaaze sauti. Shangazi akaanza kuimba, ile sauti ya pili bila ya kwanza. Mke wangu akamzungushia bibi harusi kitenge, akakaza fundo. Bibi harusi aliinua pindo, akalinusa, akacheka hadi wanja ukamshuka mashavuni.

"Huyu ni mama kabisa," akasema.

Mama wa bwana harusi alisogeza kiti chake kidogo. Kisha akakirudisha.

"Ndagala wamefika?" simu iliuliza.

"Wamefika, shangazi. Walijulikana njia nzima."

Mwenye baiskeli tulizokodi hakucheka. Risiti yake ninayo: rimu iliyopinda kwa kusukumwa bila upepo, yuro arobaini na tano, kuosha mkoba, harufu isiyotambulika, yuro kumi na tano. Chumba cha Siena nilichokilipia hatukukilalia, tulilala ukumbini kwenye magodoro ya parokia pamoja na wajomba. Yuro sabini. Mvinyo nilioutema, yuro thelathini. Jumla, kwa likizo ya kutomtembelea mtu, nilipoteza yuro mia moja na sitini.