Neno la Siri Lililovuka Bonde

Bibi Kokushubira wa Bweranyange ana elimu ya darasa la saba, na kwa miaka sita hakuwahi kukosa hata siku moja kusoma kipimo cha mvua kilichosimama kando ya migomba yake. Kila asubuhi alituma milimita kwa simu, zikaunganishwa na za wapimaji wa Rwanda na Uganda, ili kompyuta za wataalamu ziwabashirie wakulima siku ya kupanda maharage. Katika orodha ya wapimaji, iliyopangwa kwa siku mfululizo bila kukosa, jina lake lilikuwa la kwanza. Asiyejua hilo hakuwahi kupita nyumbani kwake.

Neno lake la siri la kufungulia akaunti ya vipimo hakuliandika popote. "Karatasi ni ya wasio na kichwa," aliwaambia wenzake kwenye semina.

Basi binti yake akajifungulia hospitali ya Nyakahanga. Bibi alikuwa ameshapanda bodaboda alipoikumbuka mvua. Akamwita jirani yake, mzee Anatory, aliyekuwa shambani.

"Nisomee mvua, uitume kwa simu yako! Neno la siri ni hili!"

"Eti nini?" Anatory ana masikio mazito.

Akalirudia mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

Aliporudi baada ya siku nne, akafungua simu. Jumanne peke yake ilikuwa na mvua tano tofauti.

"Anatory, umenifanya nini?"

"Mimi nimetuma ya kweli. Hao wengine wamekusaidia tu. Joviana wa ng'ambo ya bonde amepimia ndoo. Nani aliwaita, kama si wewe?"

Angeweza kubakiza moja na kufuta nyingine, nani angejua? Lakini ipi? Na kesho yake wataalamu wangezichukua. Akampigia Uwingabire, mtunza takwimu wa mradi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Neno langu la siri limetoka."

"Analijua nani?"

"Niulize nani halijui, waitu mwanangu, tutamaliza haraka."

Uwingabire akacheka, kisha akasema taratibu, "Umefanya vizuri kusema leo. Naifunga akaunti sasa hivi. Ila siku zote nne tutazifuta, na kwenye orodha utashuka."

"Mpaka wapi?"

"Karibu na mwisho, bibi."

Miaka sita!

"Zifute," akasema. "Na kwenye sababu usiandike ugonjwa, wala mtandao. Andika: mpimaji alipiga kelele."