Vikombe arobaini vya kibirika cha Kitaliano: uzuri wake, ubaya wake, na yaliyonipata Malindi

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa chai na wa kahawa.

Naona mnabishana hapa kama inafaa kununua mashine ndogo ya kahawa ya nyumbani. Mimi nimekuwa nayo tangu miaka ya themanini, kwa hiyo nipisheni kidogo. Haya ni mambo yaliyonipata mwenyewe. Chumvi ninayo, mnaonijua mnajua, lakini leo mke wangu anasoma nyuma ya bega langu, kwa hiyo nimeipunguza.

Nianze na uvumi niliouamini kwa moyo wangu wote.

Ilisemekana Malindi kwamba ukinywa vikombe arobaini vya kahawa iliyotoka kwenye kile kibirika kidogo cha Wataliano, bila kuruka siku, siku ya mwisho unaamka unaongea Kitaliano.

Msicheke. Nilikuwa mtu mzima, nimemaliza shule ya usiku, cheti ninacho, nimekilaza chini ya godoro kisikunjike.

Uvumi ulikuwa na ushahidi. Nilikuwa dobi kwenye hoteli moja ya ufukweni, na pale baa alikuwako Katana, Mgiriama wa Ganze, ambaye hakuwahi kukanyaga shule. Kila asubuhi Katana alikunywa kahawa ya kibirika kile, na Kitaliano chake kilikuwa kinatiririka hata wageni wakimuuliza kazaliwa mji gani kwao. Hata paka wa jikoni, aliyekuwa akiramba visahani vyake, ukimwita kwa Kiswahili alikuwa hageuki.

Halafu jinsi chenyewe kinavyofanya kazi. Dele tunalolijua sisi, lile birika refu la shaba, unapika, unamimina, kahawa inashuka. Kile cha Wataliano maji unaweka chini, kahawa katikati, ukikibandika motoni kahawa inapanda juu yenyewe.

"Kitu kinachopanda chenyewe hakikosi siri," alisema mzee wa bustani, na chumba kizima cha dobi tukaafiki.

Sasa, ikatangazwa nafasi ya kazi pale baa. Atakayeitaka sharti meneja amjaribu kwa Kitaliano, baada ya wiki tatu.

Wakuu, niliitaka nafasi ile kuliko chakula. Pasi ya makaa ilikuwa imenichora mikono yote miwili, na joto la chumba kile lingeweza kuivisha mkate. Nilikuwa nimesoma miaka minne baada ya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa bado ni kunyoosha mashuka ya watu waliolala vizuri.

Na wiki hiyohiyo, sinyora mmoja mzee, mgeni wa hoteli aliyekuwa akirudi kwao Italia, akanipa kibirika chake, kwa sababu sanduku lake lilikuwa limejaa.

Mimi nikajua Mungu ameniita kwa jina.

Nikaenda nacho nyumbani, mtaa wa Shella, kwenye chumba nilichopanga kwa Bi Zuhura. Kahawa nilinunua kwa muuza kahawa wetu wa mtaani, ile iliyotwangwa ikawa laini kama poda. Tangawizi nikaongeza, maana kahawa bila tangawizi ni dawa ya kuosha majeraha. Nikaishindilia kwa kijiko kama mtu anayejaza gunia la makaa. Maji nikatia hadi pomoni. Nikakaza, nikabandika jikoni, nikakaa kungoja lugha.

Kwanza kikanyamaza.

Kisha kikaanza kulia kama mtoto anayenyimwa kitu.

Halafu kile kitundu cha pembeni, ambacho mimi nilidhani ni urembo, kikafyatua mvuke na maji ya kahawa. Ukuta wa Bi Zuhura, uliokuwa umepakwa chokaa kwa ajili ya Idi, ukawa ramani ya Afrika. Naapa hata Madagaska ilikuwapo.

Bi Zuhura akatokea mlangoni, leso kichwani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Umeleta bomu nyumbani mwangu?"

"Ni kahawa, mama."

"Kahawa tumeinywa tangu mababu, haijampiga mtu. Chokaa ipo uani, na brashi ipo. Nataka ukuta wangu kabla ya adhuhuri."

Nikapaka chokaa. Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, nikakifunga kibirika kwenye gazeti nikampelekea Katana nyuma ya jiko la wafanyakazi. Sikumwambia habari za vikombe arobaini. Nilidhani siri ikisemwa inapoteza nguvu. Nilimwambia tu nataka kujua kukitumia, na kwamba naitaka ile nafasi.

Katana akakifungua, akanusa ndani, akanitazama.

"Profesa, umetia tangawizi humu?" Profesa ndilo jina walilonipa kwa ajili ya shule ya usiku.

"Kidogo."

"Na ukashindilia."

"Kidogo."

"Wewe una bahati una macho mawili. Keti hapa. Hii ni nini?" Akaonyesha mtungi wa maji.

"Maji."

"Sikuulizi Kigiriama wala Kiswahili. Akua. Sema."

"Akua."

"Haya, tia akua. Isipite kitundu hiki. Ikipita, utapaka chokaa tena."

Basi ikawa hivyo kila mchana. Nikitaka kugusa kitu, sharti nikitaje kwanza kwa Kitaliano. Maji, kahawa, sukari, kijiko, moto mdogo, ngoja, usishindilie, imepanda, iondoe. Nikikosea ananyang'anya kikombe na kunywa yeye. Siku nyingine alikuwa anajifanya mgeni mkorofi, ananirudishia kahawa ati imepoa, nami sharti niombe radhi kwa Kitaliano, na kuuliza anatoka wapi, na amelalaje.

Mimi, wakuu, nitasema ukweli, nilikuwa naona ananichelewesha. Akili yangu ilikuwa kwenye hesabu ya vikombe. Viwili kwa siku. Nyumbani nilichora mistari kwa mkaa nyuma ya mlango, mahali Bi Zuhura asipopaona.

Hapa nipumue kidogo niwajibu walioniuliza juu ya chombo chenyewe.

Hakina umeme, na kwa Malindi ya siku zile hiyo ilikuwa neema. Dakika tano kahawa ipo, nzito, na harufu yake inamwita jirani kabla hujamwita. Hakivunjiki. Changu kimeanguka mara elfu mbili na bado kimesimama.

Lakini kishikio chake ni cha plastiki. Kwenye jiko la makaa changu kiliyeyuka wiki ya kwanza, nikafunga kipande cha mti wa mkorosho kwa waya hadi leo. Na kinatoa vikombe viwili, basi. Wakija wageni sita unapika mara tatu, na wa kwanza ameshaaga. Kile kimpira cha katikati kinachozuia mvuke usivuje nacho, kikichakaa, Malindi hukipati. Nilikata cha kwangu kwenye tyubu ya baiskeli, na kwa mwezi mzima kahawa ikawa na ladha ya barabara ya Kilifi.

Tangawizi tia kwenye kikombe. Kule katikati usitie kamwe.

Haya, turudi.

Siku ya kujaribiwa ikafika. Vikombe vyangu vilikuwa thelathini na nane. Asubuhi ile nikanywa viwili vya mwisho kwa mpigo, vikatimia arobaini, na kwa tahadhari nikaongeza viwili vya akiba.

Nikaingia baa kwa meneja. Tulikuwa watu watano tunaoitaka nafasi ile. Meneja akaniuliza jambo, maneno mengi, marefu, ya haraka.

Sikuambulia hata moja.

Nikafungua mdomo ili Kitaliano kitoke. Hakikutoka kitu. Katana alikuwa nyuma ya kaunta akifuta glasi moja, ileile, kwa muda mrefu sana. Nikauona mlango wa chumba cha dobi unanifungukia tena.

Ndipo Katana akaweka kibirika cha baa juu ya kaunta, taratibu, kama mtu anayepanga vitu vyake tu.

Meneja akakitazama, akanitazama, akasema neno moja nililolijua. "Kafe?"

Wakuu, ulimi ukafunguka. Akua mpaka hapa, sinyore, isipite. Kahawa, usishindilie. Moto mdogo, piano piano, yaani polepole. Ngoja. Imepanda, iondoe. Nikampa kikombe, nikamuuliza amelalaje, anatoka wapi, sukari ngapi, nikaomba radhi ikiwa imepoa. Na kwa kuwa damu ilikuwa imepanda, nikamwonya kwa kidole asije akatia tangawizi. Zenzero, no.

Yule bwana akacheka mpaka akavua miwani.

Jumatatu nilikuwa nyuma ya kaunta, na pasi nikaiaga.

Sasa fikirieni furaha yangu. Vikombe arobaini vimetimia na lugha imekuja, tena wakati uleule. Kwa miaka niliihubiri habari hiyo kuanzia mtaa wa Barani hadi mto Sabaki. Kuna vijana waliokunywa kwa ushauri wangu hadi wakakosa usingizi, na hawakupata hata neno la salamu. Nikawaambia wameruka siku.

Nyinyi wenye vibirika hivi, tuambiane hapa chini: kimpira mnakipata wapi siku hizi, na nani mwingine aliwahi kulipuliwa. Na kama kuna mtu aliyekushika mkono, nawe sifa ukaipa sufuria, mtafute angali hai. Funzo langu ndilo hilo, na nililipata kwa kuchelewa.

Nililipata siku Katana alipoacha kazi kurudi shambani kwake Ganze. Wafanyakazi wote tulikusanyika baa kumuaga, nami nikapewa nafasi ya kusema. Nikasimulia yote, kibirika, vikombe arobaini, lugha iliyoshuka kwa mpigo. Watu wakapiga makofi.

Katana hakupiga. Alingoja wanyamaze, akaweka kikombe chake mezani.

"Profesa," akasema, "kile ni chombo cha kupikia kahawa. Kitaliano nilikufundisha mimi."