Nilipiga pasi suruali ya mvua, shemeji yangu akarudishwa kutoka mlimani

Wakuu, poleni na mihangaiko. Wa Kampala, Nairobi, Arusha na popote mlipo, naomba dakika zenu chache.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe. Siyo rafiki yangu, siyo jirani. Sina sababu ya kudanganya kwa sababu mjinga wa kisa hiki ni mimi, na sijaona mtu anayetunga uongo wa kujitukana.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu. Anataka kupanda mlima, anatafuta suruali isiyopitisha maji, imara, na isiyomfilisi. Watu wakamjazia majina ya brand tu. Nikataka kupita kimya, nikashindwa.

Mimi ni muuza mivumba hapa soko la Owino, Kampala. Mivumba ndiyo hiyo mnayoiita mitumba. Kibanda changu ni cha majaketi na suruali za baridi, za mvua, za kazi. Kwetu ni Wanubi, marehemu mzee alikuwa askari, nimekulia kambini. Kiswahili changu ni cha kambini hicho hicho, mkiona kimepinda msinicheke sana.

Sasa mtoto wa kambini ana ugonjwa mmoja: pasi.

Mzee wetu alikuwa anapiga pasi mpaka soksi. Suruali isiyo na mstari mbele, kwake hiyo ni tambara la kudekia. Na huku sokoni ni hivyo hivyo. Nguo inatoka kwenye robota imekunjamana, unaifua, unaipiga pasi ya mkaa, unaitundika, mteja anaiona kama imetoka dukani leo. Miaka yote hiyo ndiyo kazi iliyonilisha, na najivunia mkono wangu.

Haya, tuje kwa Juma.

Juma ni mdogo wake Zamu, mke wangu. Mtu mzima, ana watoto wawili, anaishi Bwaise. Kazi yake ni kupakia na kushusha mizigo kwenye maghala ya Nakawa. Ana nguvu kuliko watu wawili, na ni mpole mpaka wakati mwingine unamwonea huruma.

Kuna bwana mmoja anapeleka wageni kupanda Rwenzori. Siku moja alifika pale ghalani kuchukua mahema yake, akamwona Juma anavyobeba, akamsikia anavyopiga stori na madereva wa Kikenya kwa Kiswahili kilichonyooka. Naye alikuwa na kundi la Wakenya linakuja, na watu wake wengi Kiswahili ni cha kuokoteza.

Akamwambia, njoo safari moja kama msaidizi. Ukienda na kundi mpaka mwisho na ukarudi nalo, una kazi ya kudumu kwangu.

Juma alikuja kibandani kwangu anacheka peke yake. "Shemeji, nimechoka na simenti. Hii kazi nikiipata, watoto nawatoa Bwaise."

Anayeijua Bwaise haulizi kwa nini. Mvua ikikaza kidogo tu, sufuria na sandali zinaogelea ndani ya nyumba.

Yule bwana alimpa koti la mvua na gambuti, maana Rwenzori matope yanafika magotini. Suruali akaambiwa ajitafutie.

Na hapa nisikilizeni vizuri. Juma alikuwa ameshachagua. Alitaka zile suruali za mpira, nzito, za kijani, zinazovaliwa na watu wanaozibua mitaro kule kwao. Watu wa boda nao huzivaa mvua ikianza. Zinauzwa mpya, bei ya chini kabisa.

"Shemeji," akaniambia, "hao jamaa wanasimama kwenye maji ya mtaro nusu siku na mapaja yao yanabaki makavu. Mimi nataka hiyo."

Nilicheka mpaka majirani wa vibanda wakaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia mbele yao, "Banange, Juma! Utasimama mbele ya wageni kama mtu wa mtaro? Una shemeji Owino halafu uvae mpira?"

Wakacheka wote. Juma akainamisha kichwa, akasema sawa shemeji, wewe ndiye unayejua nguo.

Wakuu, yule mtu alikuwa amechagua sawa. Mimi ndiye niliyemtia aibu akaacha.

Wiki ile ile nikafungua robota, nikakuta suruali nyeusi, nyepesi, ya brand kubwa ya wapanda milima. Ina zipu ndefu pembeni, unaivaa na kuivua bila kutoa buti. Nikaimwagia maji ya chupa pajani. Yakaviringika yakaanguka chini, kitambaa hata hakikulowa. Nikasema hii siuzi, hii ni ya shemeji.

Na kweli ilikuwa nzuri. Hapo ndipo roho inaponiuma, maana ilikuwa nzuri nilipoipata.

Ilikuwa na doa la matope makalioni na mikunjo kila mahali. Nikailoweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, nikaisugua kwa brashi. Ilipokauka nikatia mkaa kwenye pasi. Mara nikasikia harufu ya gundi. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikaweka kitambaa kibichi juu, nikaendelea, nikapiga mstari mguu wa kulia na wa kushoto, mstari wa gwaride kabisa. Mzee angekuwepo angenipigia saluti.

Maji niliyamwaga kabla ya pasi. Baada ya pasi sikumwaga tena.

Juma akaondoka na kundi lake. Zamu akawa anamwombea kila swala. Mimi nilikuwa natamba sokoni, shemeji yangu yuko Rwenzori na suruali ya Wazungu.

Hawakumaliza wiki, nikamwona amesimama mbele ya kibanda. Ana begi mgongoni, midomo imepasuka. Kundi lilikuwa bado mlimani.

Alinieleza kwa ufupi. Siku ya kwanza ilinyesha kidogo, akawa mzima. Siku ya pili mvua haikukatika na njia ni dimbwi baada ya dimbwi. Mapaja yakalowa, magoti yakalowa, maji yakashuka mpaka ndani ya gambuti. Usiku nguo hazikukauka, kule juu hakuna jua la kukausha kitu. Siku ya tatu asubuhi miguu ikawa inatetemeka hawezi kuizuia, hata kufunga kamba ya mzigo vidole vilikataa. Yule bwana akaogopa baridi isije ikamuua, akampa mtu wa kumshusha. Na mimi nashukuru alifanya hivyo, kuna watu huwa hawarudi.

"Wenzangu wote walikuwa sawa," Juma akasema. "Ni mimi tu. Mwili wangu ni dhaifu, shemeji. Mlima umenikataa."

Akanirudishia suruali. Ilikuwa imefuliwa na kukunjwa vizuri. Akasema asante.

Nikamwambia pole, ndiyo Mungu alivyopanga. Na suruali nikaitundika tena niuze! Sikuigeuza hata kuitazama ndani.

Siku chache baadaye akaja mama mmoja wa makamo, mpandaji wa siku nyingi wa mlima Elgon. Hakutazama brand. Aliigeuza suruali ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono. Pale ndani, juu ya kila mshono, kuna utepe mwembamba umegandishwa ili maji yasipite kwenye matundu ya sindano. Utepe ulikuwa umejikunja na kuachia. Na pale nilipopiga mstari, ule utando wa ndani ulikuwa umevimba malengelenge, unabanduka kama ngozi iliyoungua. Akaweka mdomo kwenye kitambaa akapuliza, hewa ikatokea upande wa pili.

Akaniuliza, "Nani alipiga hii pasi, ssebo?"

Nikajibu, "Ilikuja hivyo kwenye robota."

Uongo ulitoka haraka kuliko pumzi. Akaniangalia, akaiweka chini, akaenda zake. Nilifunga kibanda mapema siku hiyo.

Ningeenda kwa Juma jioni ile ile, huu uzi ungekuwa mwingine. Sikwenda. Nilimwogopa Zamu, niliogopa majirani wa sokoni, niliogopa kuonekana sijui nguo. Nikasema moyoni yameshapita, kumwambia itamsaidia nini.

Kisha ikaja Ijumaa moja. Tumetoka kuswali, Juma amekuja kwangu kula. Tuko kwenye sinia, simu yake ikalia. Nilisikia sauti ya yule bwana wa Rwenzori kabisa. Wakenya wale walimsifu Juma, walimpenda, na sasa kuna kundi jingine. Alikuwa anamuuliza kama anataka kujaribu tena.

Juma akatazama tonge mkononi mwake.

"Hapana, boss. Asante sana. Mimi mwili wangu hauwezi baridi, nisije nikakuharibia kazi."

Akakata simu, akaendelea kula. Zamu akafuta machozi kwa ncha ya leso. Mimi nilikuwa nimekaa hapo, bega kwa bega na Juma, na ukweli uko mdomoni. Nikasema nipitishieni chumvi.

Wakuu, pasi naweza kujisamehe, ulikuwa ujinga. Ile chumvi mpaka leo siwezi.

Zilipita wiki mbili. Asubuhi moja nikachukua ile suruali, nikapanda boda mpaka Bwaise. Nikamkuta anachota kwa ndoo maji yaliyoingia ndani, anayamwaga nje ya mlango wake, mvua ilikuwa imenyesha. Nikaigeuza ndani nje, nikamwonyesha utepe, nikamwonyesha malengelenge, nikamwambia kila kitu. Pasi, yule mama, mpaka ile Ijumaa.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hata kupigwa.

Alipitisha kidole kwenye mshono taratibu. Akauliza, "Kwa hiyo haikuwa mimi?"

Nikasema haikuwa wewe.

"Haikuwa mwili wangu?"

Nikasema wallahi, ilikuwa pasi yangu.

Akamwita mke wake. "Njoo usikie! Njoo usikie anachosema shemeji. Haikuwa mimi!" Anacheka, huku macho yamejaa maji. Bora angenipiga.

Kisha akampigia yule bwana palepale. Yule bwana alimjibu kwa heshima, akamwambia nafasi ilishapata mtu, na huyo mtu ameimudu safari. Juma akasema hakuna shida, boss. Akachukua ndoo akaendelea kuchota maji.

Basi mwenzetu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Igeuze suruali ndani nje kabla ya kusoma brand. Shika mishono, hasa makalioni na magotini. Puliza. Chukua pana kidogo ipite juu ya buti. Ukiifua, maji ya baridi, sabuni kidogo, kausha kivulini, na kila msimu imwagie maji uone kama bado inakataa. Pasi usiisogeze hata karibu.

Kama mfuko hauruhusu, vaa ya mpira kama watu wa mtaro. Itakutoa jasho, ni nzito, na kwenye picha hutapendeza. Vaa kitu chepesi ndani kisicho cha pamba, ulegeze kiuno unapopanda. Jasho utalivumilia. Maji ya mvua yaliyoingia huyavumilii. Na mtu anayeishi na maji akikwambia kinachozuia maji, usimcheke.

Na kama umemkosea mtu naye anajilaumu mwenyewe, usingoje wiki mbili.

Waliopanda Rwenzori, Elgon, Kilimanjaro, karibuni mnikosoe nilipokosea. Matusi pia nayapokea, ni haki yangu.

Na kama kuna mwenye msafara anatafuta mtu wa nguvu, mpole, mwenye Kiswahili safi, aniandikie. Juma bado yuko Nakawa anabeba simenti. Suruali yake ninayo hapa kibandani, mpya, ya kijani, ya mpira. Wateja wanaiulizia kila siku, nawaambia hiyo ina mwenyewe.