Mchezo wa Soko wa Bi Ramani

Shuleni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi walimwita Bi Ramani na walimu wenzake wakafuata, kwa sababu alifundisha maarifa ya jamii na uchumi, na hakuingia darasani bila ramani kwapani. Alikuwa mpole, ila ukimwambia uchumi ni somo la kukariri, alikukalisha chini mpaka chai yako ipoe.

Kwa miaka mingi alitengeneza masomo yake mwenyewe na kuyaweka kwenye tovuti ya bure ya walimu. Somo lililomvimbisha kichwa kidogo ni mchezo wa soko. Mwanafunzi anapewa kibanda cha nyanya, mvua inanyesha, barabara inakatika, naye aamue bei. Walimu asiowajua walimwandikia kutoka mbali kumshukuru. Mtandao aliupata kwenye simu ya dada wa mumewe, waliyekaa naye nyumba moja, na wenzake walimtania kwamba yeye ndiye pekee mwenye wifi anayejua kufua.

Asubuhi moja, likizo ikielekea ukingoni, alifungua tovuti akakuta ukurasa mweupe na sentensi moja: huduma hii imesitishwa, tunawashukuru walimu wote.

"Wifi, hebu zima uwashe tena," alisema.

"Nimeshazima, nimeshawasha. Mtandao upo. Hicho kitu chako ndicho hakipo."

Kumbe wenye tovuti walikuwa wametuma taarifa mapema, kwenye anwani yake ya zamani ya barua pepe ambayo nywila yake aliisahau. Nakala zake nazo zilikuwa kwenye kompyuta ya shule, iliyoungua siku umeme uliporudi kwa nguvu. Aliwaandikia wenye tovuti. Jibu lilikuja papo hapo, akaruka kwa furaha, kisha akalisoma: ujumbe wako umepokelewa, tafadhali usijibu barua hii.

Wifi yake hakukata tamaa. Alitafuta huku na huko mpaka akaupata ule mchezo kwenye tovuti nyingine. Picha ya mbele ilionyesha kibanda kilekile, na chini yake neno "barabra", kosa ambalo Bi Ramani alilifanya mwenyewe na kila mwaka akasema atalirekebisha.

"Si huu hapa?" wifi alisema.

"Ndio huu," Bi Ramani alijibu, akabonyeza. Ukurasa ukamwambia ni kwa shule zilizosajiliwa tu.

Akaandika tena, safari hii kwa hao wapya. Hawa walimjibu kwa adabu: athibitishe kuwa kazi ni yake kwa kutuma anwani ya tovuti ilikochapishwa kwanza. Akaituma. Wakajibu kwamba anwani hiyo haifunguki.

Alimpelekea mwalimu mkuu simu yenye barua hizo. Mzee wa watu alivua miwani, akasoma barua zote, akairudisha simu taratibu.

"Mwalimu wangu, kukuamini nakuamini. Lakini nimpigie nani? Niende ofisi gani?"

"Sijui, mkuu. Nilidhani wewe utajua."

"Fundisha kwa kitabu kwanza," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

Shule zikafunguliwa. Msichana wa dawati la mbele aliuliza lini watacheza soko, maana dada yake alikuwa amemsimulia. Bi Ramani alijaribu kuutengeneza upya kwa vipande vya karatasi. Aliikumbuka mvua na barabara, lakini zile hesabu za jinsi bei inavyopanda na kushuka, alizozirekebisha miaka nenda miaka rudi, zilikuwa zimemtoka. Vibanda vyote vikauza kwa bei moja, walioketi nyuma wakaanza kubishana nani amemwibia nani, naye akasimama katikati ya darasa akiwa na karatasi mkononi. Mwishowe akawaambia wafungue kitabu.

Jioni walikaa barazani wakimenya viazi.

"Umewaandikia tena wale wa kwanza?" wifi aliuliza.

"Nimewaandikia."

"Wakasemaje?"

"Wamesema wamepokea."

Wifi alifungua mdomo kutania kama kawaida yake, akaona uso wa mwenzake. Akamsogezea beseni, wakaendelea kumenya.