Walioingilia Mlango wa Jikoni

Nyumba ile ilijengwa Geita kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na mzungu mmoja aliyenunua dhahabu: sakafu ya mbao, vioo vya rangi juu ya mlango. Alipohama, baraza la watemi, machifu wetu, liliichukua, na wengi walitaka mabati yake yakaezeke ghala la pamba. Mimi, niliyekuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, niliomba iwe makumbusho ya watu wa pale. Nikajibiwa kwamba watapita kuitazama. Wakikuta watu wanaitaka, itabaki. Wasipowakuta, mabati yanashuka.

Nilipanga ukumbini majembe ya zamani, vibuyu vya maziwa na makarai ya kuoshea dhahabu. Kisha nikavipanga upya, nikihofu kibuyu kikitangulia jembe wakulima watanuna.

Siku ya watemi kupita, ambayo nilikuwa nimewaalika watu wote, nilisimama mlango wa mbele. Hakuja mtu. Nilikuwa nikitunga kichwani maneno ya kuomba radhi niliposikia vicheko nyuma. Jikoni palikuwa pamejaa.

"Shikamooni. Mbona mko huku?"

"Marahaba, mwalimu," alijibu mzee aliyewahi kuwa mpishi wa nyumba ile. "Sisi tunaingilia huku."

"Mbele ni ruhusa sasa."

"Na mbwa?"

"Mbwa wa mzungu alikufa zamani, babu."

"Kafa yeye. Meno yake ninayo mguuni."

Wakacheka tena. Mama yangu, aliyefua mashuka ya nyumba ile tangu nikiwa mgongoni kwake, akaniita kando. "Baba, usiwabishie wakubwa. Lete vitu huku."

Niliwaza masizi, niliwaza mpangilio wangu. Nikavibeba. Mara wakaanza kubishana nani alijua kutikisa maziwa mpaka siagi itoke.

Watemi waliingilia mbele, wakakuta ukumbi mtupu. Lakini mmoja wao alifuata kelele mpaka jikoni, akachukua kibuyu, akakinusa.

"Mama alikuwa nacho kama hiki," alisema, akaketi juu ya gunia. Alipoinuka aliwaambia wenzake, "Pamba itafutiwe mabati mengine." Hakuna aliyepinga.

Walipoondoka nilimwomba mama aje aone ukumbi.

"Huko sijawahi kufika," alisema.

Kizingitini akavua ndala, akapangusa nyayo kwa kanga. Nilitaka kumwambia hakuna haja. Nikaona maneno hayo huenda yatamuumiza, kisha nikaona huenda kunyamaza ndiko kutamuumiza zaidi. Mwishowe nikavua viatu vyangu, tukaingia pamoja.