Damu Iko Juu

Miguu ya baba ndiyo iliyonitia hofu kwanza. Kikohozi nilikuwa nimekizoea tangu utotoni. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo Thika, kwenye chumba cha kufungulia marobota ya pamba, na vumbi jeupe lilimkaa hadi kwenye nyusi. Sigara nazo zilichangia. Lakini mwaka ule, baada ya mitumba kujaa sokoni na kiwanda kuwaachisha kazi yeye na wenzake wengi, miguu ilivimba mpaka viatu vikakataa kuingia. Ukibonyeza kifundo, shimo la kidole lilibaki. Midomo ikawa na rangi ya zambarau.

Tuliishi Gatongora, mimi na yeye, kwenye ploti ya vyumba vya mawe vya kupangisha. Mimi nilishona sare za shule. Mama alikuwa nyumbani, magharibi mwa nchi, akilima. Miaka hiyo mtu akikonda huku anakohoa, watu hawakuuliza anaugua nini. Walidhani wanajua, na jina hawakulitaja. Mimi pia nilidhani. Kwa hiyo siku alipotolewa damu ya kupimwa katika hospitali moja Thika, niliketi kwenye benchi nikiutazama mlango wa maabara na kuomba usifunguke.

Ulifunguka. Daktari alisoma majibu, akamsikiliza kifua, akamtazama mishipa ya shingo.

"Mzee, damu yako iko juu sana," akasema. "Mapafu imechoka, na sasa inasumbua moyo. Rudi Jumanne tuipunguze."

"Iko juu tu?" baba akauliza.

"Iko juu. Jumanne usikose."

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu. Tukatoka, na huko nje baba akacheka hadi akashika ukuta kwa kikohozi. Nami nilicheka. Kwetu, damu ikiwa juu ni presha, na presha ni ugonjwa wa heshima. Kila ploti ilikuwa na mtu wake wa presha.

Wetu alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama mtu mzima aliyeuza mboga, ambaye ploti nzima tulimwita shosho, kama Wakikuyu wanavyowaita nyanya zao. Alipopata habari alikuja na sahani ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi.

"Si ungesema ni presha. Umetuogopesha pure," akamwambia baba, akiiga jinsi watu wa magharibi tunavyotamka 'bure'.

"Rakini nimepona," baba akamjibu, naye akiiga ulimi wake wa Kikuyu.

"Hujapona. Utangoja Jumanne na miguu kama magunia?" Akafungua fundo la leso na kumpa vidonge vyake mwenyewe. "Meza hii asubuhi. Mimi imenisaidia mpaka nalima."

Kwenye ploti dawa iliombwa kama chumvi. Hakuna aliyeona ubaya, na shosho alitoa akijipunguzia.

Jumapili asubuhi baba alimeza kimoja kwa chai. Nilikuwa nikipiga pasi nilipomsikia. Sauti haikuwa kikohozi. Ilikuwa mluzi mwembamba, kama upepo chini ya mlango. Alikuwa ameinama, mikono imeshika magoti, mabega yakipanda na kushuka bila hewa kuingia.

"Hai...ingii," akasema.

Nimeogopa mara nyingi maishani, lakini si hivyo. Nilimpepea kwa kitambaa cha sare, jambo lisilo na maana yoyote, kwa sababu mikono yangu ilikataa kukaa bure. Shosho ndiye aliyekimbia kumtafuta mwenye pikapu ya maziwa. Tulipita barabara ya Thika nyuma ya pikapu, baba akiwa ameketi kati yetu, nami nikimtazama kucha zikibadilika rangi. Kila alipotoa pumzi nilijiuliza kama kutakuwa na nyingine.

Hospitalini walimpa hewa ya mtungi kidogo kidogo, na sindano ya mshipani iliyosukumwa polepole. Muuguzi akauliza amekula nini. Shosho akafungua tena lile fundo. Daktari yule yule alikiangalia kidonge.

"Hii ya presha inaweza kufunga kifua cha mtu kama huyu," akasema. "Nani alimwambia ako na presha?"

"Wewe," shosho akajibu. "Ulisema damu iko juu."

Daktari akavuta kiti.

Alichotueleza nimewaeleza wengi tangu siku hiyo, nami nakueleza wewe pia. Mapafu yaliyoharibika huingiza hewa haba kwenye damu. Mwili ukiona hivyo hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi, maana hizo ndizo hubeba hewa. Ni kama mto umekauka, nawe unazidi kutuma watu kuchota: wanaongezeka, njia inajaa, maji hayaongezeki. Damu inakuwa nzito kama uji. Upande wa kulia wa moyo, unaoisukuma kwenda kwenye mapafu, hulemewa, na maji hubaki miguuni. Hicho ndicho kipimo kilichokuwa juu: wingi wa chembe, si presha. Ukiambiwa damu ya mgonjwa wako iko juu, usione haya. Uliza: ni wingi wake au ni msukumo wake? Hakuna daktari atakayekukasirikia, na akikasirika, uliza tena.

Jumanne daktari na muuguzi walikuja na mfuko na sindano nene, maana kuipunguza damu kulikuwa ni kuitoa. Baba, aliyekwisha kuanza kupumua vizuri, aliuvuta mkono chini ya blanketi.

"Nimekonda hivi, na bado mnatoa?"

"Watu huongezewa damu," shosho akamuunga mkono. "Kutolewa nimesikia ni ng'ombe za Wamaasai."

"Basi leo mimi ni ng'ombe," baba akasema, lakini mkono haukutoka.

Daktari hakubembeleza. Alisema moyo ukiendelea hivyo utashindwa, na ukishindwa hana dawa ya kuurudisha. Mapafu nayo hayatarudi kuwa mapya. Yanaweza tu kupunguziwa kazi. Baba akanitazama. Nilitaka kumwambia akubali, nikaogopa kwamba akifa kwa sindano hiyo nitakuwa mimi niliyemtuma. Hata hivyo niliingiza mkono chini ya blanketi, nikaushika wake, nikauvuta nje. Hakupinga.

Damu ilitoka nyeusi, ikienda taratibu kwenye mrija. Shosho aligeukia dirisha. Mimi sikugeuka, nilitazama kifua cha baba, si mfuko, kikipanda na kushuka, kikipanda tena, na sikumwachia mkono hata muuguzi aliponiambia nisogee.